Picha ya jengo: mchana au machweo?

Kwa nyumba ya kuuza au kupangisha, picha ya mchana ndiyo inayojibu maswali ya mteja: rangi ya ukuta, aina ya paa, ukubwa wa madirisha. Piga asubuhi au alasiri, jua likiwa nyuma yako na pembeni kidogo. Jua la saa sita huacha kivuli kizito chini ya paa na kuumeza mlango.

Picha ya machweo huuza hamu ya kuishi pale. Mwaka 1960 mpiga picha Julius Shulman aliipiga hivyo nyumba ya vioo iliyobuniwa na msanifu majengo Pierre Koenig, kilimani juu ya jiji la Los Angeles, Marekani: aliiacha lenzi wazi dakika kadhaa ili taa za jiji ziingie, kisha akawasha flashi kuwaonyesha wanawake wawili waliokaa ndani. Hadi leo wengi wanaijua nyumba ile kwa picha hiyo tu.

Ugumu wake ni muda. Kwetu karibu na ikweta giza huingia upesi, kwa hiyo funga kamera kwenye tripodi (stendi ya miguu mitatu) kabla jua halijazama. Weka ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 100 na tundu la lenzi f/8. Balbu zote ziwe za rangi moja, maana ukichanganya za njano na nyeupe, chumba kimoja kitatoka cha rangi ya chungwa na kingine bluu. Jengo lenye madirisha madogo halifaidiki, lipige mchana.