Kompyuta ndogo yenye Intel N100: kwa ofisi za Mtwara inafaa wapi, inakwama wapi

Wauzaji wengi huinadi kwa neno moja: inaokoa LUKU. Ni kweli inakula umeme kidogo, ila tupige hesabu. Boksi lenye prosesa ya Intel N100, iliyotoka mwaka 2023, hutumia wati 6 hadi 10 likiwa limetulia, wati 10 hadi 15 mtu akiwa anachapa na kufungua kurasa za intaneti, na 25 hivi likikamuliwa. Kompyuta ya kawaida ya mezani (deski) ya zamani, bila monita, hutumia kama wati 60 kwa kazi hiyohiyo. Tofauti ya wati 50, kwa saa 10 kwa siku na siku 26 za kazi, ni uniti 13. Kwa anayelipa kama shilingi 350 kwa uniti, ni shilingi 4,500 hivi kwa mwezi. Si haba, lakini hazitoshi kuwa sababu ya kununua mashine mpya.

Sababu ya kweli inaonekana umeme ukikatika. UPS, yaani boksi la betri linaloshika umeme ukikatika, ya kawaida ya 650VA ina betri moja ya volti 12, 7Ah. Ukiifungia deski ya wati 60 na monita ya wati 20, betri ikiwa mpya utapata dakika 20 hivi, muda wa kuhifadhi kazi na kuzima. Ukiifungia N100 na monita ileile, jumla kama wati 30, unapata saa nzima, pengine na zaidi. Betri ikishakaa miaka miwili au mitatu kwenye joto la pwani, gawa namba hizo kwa mbili. Kwa karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) kule Tandahimba au Newala anayeingiza uzito wa korosho magunia yakiwa bado mizanini, au steshenari ya Mikindani yenye mteja aliyefika nusu ya fomu ya Ajira Portal, tovuti ya maombi ya kazi serikalini, saa hiyo ndiyo thamani ya mashine.

Angalizo moja: printa ya leza isiguse UPS hiyo. Kifaa chake cha kupasha wino joto huvuta mamia ya wati kwa mara moja, na UPS hulia kisha huzima kila kitu, kompyuta ikiwemo. Printa ichomekwe moja kwa moja ukutani.

Wenye sola wana faida nyingine. Nyingi za mashine hizi hutumia adapta ya volti 12, ampea 3, kwa hiyo zinaweza kula betri ya sola bila kupitia inveta. Lakini msiunganishe waya moja kwa moja. Betri inayoitwa ya volti 12 hupanda hadi 14.4 ikichajiwa na hushuka chini ya 12 ikikaribia kuisha, na mashine haikutengenezwa kuvumilia hayo. Weka katikati konvata ya DC inayotoa volti 12 zilizotulia, ya ampea 5, na fyuzi upande wa betri. Kwanza someni kibandiko chini ya boksi, maana yapo ya volti 19 na yapo yanayopewa umeme kwa USB-C.

Adapta ikifa, usikimbilie ile ya kamera za ulinzi kwa kuwa nayo imeandikwa 12V. Nyingi ni za ampea 2, yaani wati 24. Kompyuta itawaka vizuri, kisha itajizima mara tu utakapochomeka diski ya nje au kazi ikizidi. Kichwa nacho mara nyingi ni tofauti: za kamera huwa 5.5 kwa 2.1 mm, za mashine hizi 5.5 kwa 2.5 mm.

Kikazi, N100 ina kori nne na nguvu inayokaribiana na ya Core i5-6500T, prosesa ya zamani ya Intel. Word, Excel, PDF, barua pepe na skana haziisumbui. Inabeba monita mbili, na video za 4K inazicheza bila kukwama kwa sababu kazi hiyo inafanywa na sehemu maalumu ndani ya prosesa. Picha za pasipoti, sawa kabisa. Mabango makubwa yenye leya nyingi, hapana: kila ukisogeza kitu utasubiri. Wahariri wa video za harusi waiache kabisa.

Kikwazo kikubwa ni RAM, kumbukumbu ya muda ambamo programu hufanyia kazi. N100 ina njia moja tu ya kumbukumbu, na Intel yenyewe imeweka kikomo cha GB 16. Matoleo ya GB 8 yakwepeni. Windows 11 na kivinjari chenye kurasa kumi vinaijaza, na hapo mashine huanza kusuasua watu wakadhani ni virusi. Vilevile baadhi ya maboksi yana RAM iliyochomelewa kwenye bodi, haiongezwi wala haibadilishwi, ikifa imekufa na bodi. Chukua yenye nafasi ya RAM ya kuchomeka na diski ya SSD ya aina ya M.2, kama Beelink Mini S12 Pro.

Halafu nyingi hazina VGA, tundu la zamani la waya wa picha, na monita na projekta nyingi za mashuleni zina VGA peke yake. Nunua kigeuzi cha HDMI kwenda VGA chenye saketi ndani. Waya mtupu wenye vichwa viwili tofauti hautoi picha, hata ukiuzwa kwa bei nzuri.

Joto na chumvi ndivyo vinavyoua mashine hizi ukanda wetu. Feni ni ndogo na matundu ni membamba. Usiifunge nyuma ya monita iliyoegemea ukuta, na usiiweke droo. Zile zisizo na feni zinapendeza kwa ukimya, ila mchana wa Desemba hapa Mtwara hujipunguzia kasi ili zisiungue. Chumvi nayo hutia kutu kwenye miguu ya RAM: taa inawaka, feni inazunguka, picha hakuna. Kabla ya kuituma Dar, chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa, fungua skrubu nne za chini. Inua kava taratibu, maana baadhi zina mkanda mwembamba wa diski ulioshikana na kava, na ukivuta kwa nguvu unakatika. Toa RAM, safisha meno yake ya dhahabu kwa kifutio laini cha penseli, pangusa vumbi la kifutio, irudishe mpaka ilie "tik". Mara nyingi picha hurudi.

Kwa umeme unaorudi na kukatika tena, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) kwa kubonyeza Del wakati wa kuwasha, utafute "State After G3". Ukiweka S5, mashine hubaki imezimwa umeme ukirudi, na hilo ndilo linalofaa dukani. S0 huiwasha yenyewe, iwekwe kwa seva ya shule au ya kamera.

Wengine watashawishika na mitumba kama Dell OptiPlex Micro au HP EliteDesk Mini. Ni imara na zina nafasi mbili za RAM, lakini zenye prosesa za kizazi cha sita na cha saba haziruhusiwi rasmi kutumia Windows 11, na Windows 10 ilikoma kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Ukipata ya kizazi cha nane kwa bei inayokaribiana, kwa kazi za mabango chukua hiyo, ukijua UPS itaisha mapema zaidi.

Kabla ya kulipa, iwashwe mbele yako. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, ingia sehemu ya utendaji (Performance): prosesa isomeke N100, si Celeron ya zamani iliyobandikwa kibandiko kipya, na kwenye RAM uone idadi ya nafasi na kasi. Cheza video ya 4K dakika kumi, kisha weka mkono juu ya kava. Uvuguvugu ni kawaida. Ikikuunguza humo humo dukani penye kiyoyozi, iache.