Bahati Nasibu ya Georgia: Tiketi Inayosomesha

Wapiga kura wa jimbo la Georgia, Marekani, waliikubali bahati nasibu mwaka 1992, baada ya Gavana Zell Miller kuahidi kwamba mapato yake yangekwenda kwenye elimu, na tiketi za kukwangua zikaanza kuuzwa Juni 1993. Fedha hizo hugharimia ufadhili wa HOPE kwa wanafunzi wa vyuo wenye wastani wa alama 3.0 kati ya 4.0, pamoja na madarasa ya awali ya watoto wa miaka minne, ambayo tangu 1995 hayaangalii kipato cha mzazi, na hapo naisifu kwa dhati. Hata hivyo niliumia dukani nilipomwona mama akikwangua tiketi ya tano kwa sarafu, maziwa ya mtoto yakiwa bado hayajalipiwa.