Makaburi ya Skagway na Dyea, Alaska: nyota tatu kwa ya mjini, nne na nusu kwa ya msituni

Meli za kitalii zikitia nanga Skagway, wageni wengi huishia makaburi ya mjini, mwendo wa kilomita tatu hivi. Huko kuna kisa kinachouzika: Frank Reid, mpima ardhi wa mji, na tapeli Soapy Smith walipigana risasi tarehe 8 Julai 1898. Smith alifia palepale, Reid baada ya siku 12. Reid alijengewa mnara mkubwa. Ni pazuri, lakini hakuna kati yao aliyekufa akitafuta dhahabu.

Wachimbaji wenyewe, waliokuwa wakielekea machimbo ya dhahabu ya Klondike nchini Kanada, wako Dyea, kilomita 15 hivi kwa barabara nyembamba ya changarawe. Hakuna kiingilio. Chini ya miti kuna vibao vya mbao, na tarehe inajirudia kibao hadi kibao: 3 Aprili 1898. Theluji nzito ilikuwa imeanguka mfululizo, kisha hali ya hewa ikapata joto. Wapagazi wa Kitlingit, wenyeji wa milima ile, walikataa kupanda. Theluji iliporomoka kwenye Chilkoot, njia ya kuvukia milima kwenda Klondike, ikaua watu zaidi ya 60.

Kwa nini wengine walipanda? Polisi wa Kanada hawakumruhusu mtu kuvuka mpaka bila chakula cha mwaka mzima. Ukiongeza hema na zana, mzigo ulifika kilo 900 hivi. Ukibeba kilo 25 kwa safari, ni safari 36 za kupanda, na kila siku ya kungoja inakula akiba ileile.

Kasoro: maelezo ni haba. Pitia kwanza kituo cha wageni cha hifadhi, kwenye jengo la zamani la stesheni ya reli Skagway, la sivyo utaona mbao tu. Tena makaburi haya ni ya waliofukuliwa na wenzao kutoka kwenye theluji. Waliofika Klondike wakafa kwa kiseyeye vibandani, au kwa hewa ya sumu ndani ya mashimo waliyochimba kwa kuyeyusha ardhi iliyoganda kwa moto, hawamo, na mwongoza watalii asipowataja, muulize.

Vaa viatu visivyopitisha maji, beba dawa ya mbu, na ongea kwa sauti ili dubu wasishtuke. Dyea haina duka, kwa hiyo patana na dereva akusubiri. Meli haitakungoja.