Uzoefu wangu na vegan katika kupima uanuwai wa spishi za miti

Kwa muda sasa nimekuwa nikitumia vegan, kifurushi cha bure cha programu ya takwimu iitwayo R, kuchambua takwimu za miti ya misitu ya Usambara Mashariki, na katika zana zote nilizozijaribu kwa kazi hii, hiki ndicho ninachokiamini zaidi.

Sababu kubwa ni kwamba hakimfungi mtumiaji kwenye namba moja. Tuchukue ploti mbili, yaani vipande viwili vya msitu vilivyopimwa, kila moja ikiwa na miti 100 ya spishi 10. Katika ya kwanza kila spishi ina miti 10. Katika ya pili spishi moja imejitwalia miti 91, na tisa zilizobaki zina mti mmoja mmoja. Idadi ya spishi ni ileile, lakini amri ya diversity inatoa fahirisi ya Shannon, kipimo cha uanuwai kinachokokotolewa kwa logi za hisabati, ya 2.30 kwa ploti ya kwanza na 0.50 kwa ya pili. Kwa kuwa ni vigumu kumweleza mtu wa kamati ya msitu maana ya 0.50, mimi huendelea na amri ya renyi nikiweka hill=TRUE, ambayo hufuata utaratibu ulioelezwa na Hill mwaka 1973 na kugeuza fahirisi hizo kuwa idadi ya spishi zenye wingi sawa. Ploti ya kwanza hubaki na spishi 10. Ya pili hushuka hadi 1.65, na kwa kipimo cha Simpson, ambacho huzipa uzito zaidi spishi zilizotawala, hadi 1.21. Tofauti hiyo inaeleweka hata kwa asiyejua logi hizo.

Amri ya rarefy, inayokadiria spishi ambazo zingepatikana kama kila ploti ingekuwa na idadi sawa ya miti, nayo ni ya lazima pale ploti zinapokuwa na idadi tofauti ya miti, kwa sababu penye miti mingi hupatikana spishi nyingi hata kama msitu ni uleule. Hiyo hukubali hesabu ya miti nzimanzima tu. Ukiingiza eneo la mashina katika mita za mraba, itakataa, na ina haki.

Jambo moja ninalomsihi kila mtumiaji alizingatie ni hili: fahirisi haijui mti mgeni wala mwenyeji. Maesopsis eminii, mti ulioletwa Amani, huko huko Usambara Mashariki, na kusambaa hadi ndani ya msitu wa asili, huhesabiwa sawasawa na msambu, ambao ni mti wa asili wa huko, na ploti iliyoanza kuvamiwa inaweza kupata alama ya juu kuliko ile iliyo salama. Kwa hiyo mimi hutenganisha spishi za asili na za kigeni kwenye jedwali kwanza, kisha nikakokotoa kila kundi peke yake.

Maelezo ya vegan yako kwa Kiingereza. Anayeanza ajizoeze kwa takwimu za BCI zilizomo ndani yake, zenye ploti 50 za hekta moja na spishi 225 za miti kutoka kisiwa cha Barro Colorado, Panama, kabla ya kuingiza za kwake.