Mirija ya kunywea: upi ununue, upi uuache dukani

Kenya ilipiga marufuku plastiki za kutumia mara moja, mirija ikiwemo, katika mbuga, fukwe na misitu iliyohifadhiwa kuanzia tarehe 5 Juni 2020. Siku hizi ukiingia dukani unakuta mirija imeandikwa "inaoza", na wazazi tunainunua tukiamini ni salama. Neno hilo linaeleza hali ya mrija ukishatupwa. Kilichomo ndani yake wakati mtoto anaufyonza halikigusi.

Nafasi ya kwanza naipa stili isiyoshika kutu, bila kusita. Mwaka 2023 watafiti wa Ubelgiji walipima aina 39 za mirija wakitafuta PFAS, kemikali za kuzuia maji na mafuta ambazo hukaa miaka na miaka bila kuvunjika. Kwenye stili hawakupata kitu. Nunua pamoja na brashi yake nyembamba, maana maziwa hugandia ndani. Mtoto asitembee nao mdomoni, na usiutumie kwa chai ya moto: unaunguza midomo.

Ya pili ni kioo kinene. Kwenye kipimo hichohicho aina 2 kati ya 5 za kioo zilikuwa na PFAS, lakini angalau ndani unaona kama pamesafishika.

Ya tatu ndiyo plastiki inayooza, hasa PLA, inayotokana na mahindi au miwa. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Plastiki haiundwi kwa mahindi matupu. Huongezwa viungo vya kuilainisha, kuipa rangi na kuifanya idumu. Mwaka 2020 watafiti wa Frankfurt walipima bidhaa 43 za plastiki za mimea na zile zinazooza, na theluthi mbili zilikuwa na kemikali zilizodhuru seli maabara. Zilizotengenezwa kwa wanga na selulosi (nyuzi za mimea) ndizo zilizofanya vibaya zaidi. Hilo halina maana kwamba mrija mmoja utakuua, ila "ya mimea" si cheti cha usalama. Mrija wa PLA pia hulegea kwenye joto la kama nyuzi 60. Nimeutia kwenye kikombe cha chai ya maziwa, ukapinda kama tambi. Ukilazimika kuununua, chagua usio na rangi, utumie kwa kinywaji baridi tu, kisha utupe.

Mwisho kabisa ni karatasi na mianzi. Watu watashangaa, lakini kwenye kipimo kile cha Ubelgiji aina 18 kati ya 20 za karatasi zilikutwa na PFAS, na 4 kati ya 5 za mianzi. Viwango vilikuwa vidogo, na watafiti wenyewe walisema hatari ni ndogo kwa anayetumia mara mojamoja. Mtoto anayekunywa juisi ya ukwaju kwa mrija kila siku si wa mara mojamoja.

Kwa dafu, mwambie muuzaji alikate mdomo mpana kidogo, ulinywe hivyohivyo.