Fito za Sokoni na Mategemeo ya Kujitengenezea: Tathmini kwa Wakulima wa Maharagwe ya Kutambaa

Katika masoko ya Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, fito za mkaratusi huuzwa kwa matita, na mkulima wa maharagwe ya kutambaa, yaani yale yanayopanda juu ya mategemeo kama fito au kamba, kama vile aina ya NABE 12C iliyotolewa na shirika la utafiti wa kilimo la NARO, hana budi kuamua mapema, kabla ya mvua za Machi au za Septemba, kama atazinunua au atajitengenezea. Nimetumia njia zote mbili kwenye matuta ya mlimani, na naona fito za kununua zinafaa, ila si kwa shamba zima.

Tita nililouziwa lilikuwa na fito ngumu na zilizonyooka, lakini nyingi zilikuwa fupi. Maharagwe haya hurefuka kupita mita 2, na ufito wenyewe hauna budi kuzama ardhini sentimita 40 hivi ili usiangushwe na upepo. Kwa hiyo ufito wa mita moja na nusu huishia pale mmea unapoanza kuchangamka, kisha ncha zake hurudi chini, zikasongamana, hewa ikakosekana na magonjwa ya ukungu yakapata nafasi. Isitoshe, mchwa walizila kuanzia chini, na baadhi zilianguka zikiwa zimebeba maganda mabichi. Kwa bei ile, nilitarajia zidumu zaidi ya msimu mmoja.

Mategemeo ya kujitengenezea yaliyoniridhisha zaidi ni ya kamba. Nguzo imara husimamishwa kila mwisho wa mstari, mti mmoja hulazwa juu yake, kisha kila shina huteremshiwa kamba inayofungwa kwenye kigingi kidogo. Fito za kununua hupungua sana, na maharagwe, ambayo hupanda kwa kujizungusha, huifuata kamba bila kusaidiwa. Kamba ya katani huvumilia mvua kuliko nyuzi za mgomba, ingawa hizo za mgomba hazigharimu chochote. Matete nayo yanafaa, mradi yakaushwe kwanza, kwani yakichomekwa mabichi huota mizizi na kugeuka kuwa magugu ya kudumu. (Ng'ombe watashukuru, lakini maharagwe hayatashukuru.) Vyovyote iwavyo, kazi hii ifanyike kabla miche haijaanza kutafuta pa kushika, maana kuchimba baadaye hukata mizizi.

Kwa njegere, ambazo nazo hulimwa sana Kigezi, eneo ilipo Kabale, tita la sokoni silipendekezi hata kidogo. Njegere hushika kwa vikono vyembamba visivyoweza kuuzunguka ufito mnene; zinahitaji matawi makavu yenye vijiti vingi, na hayo hupatikana bure kila ua unapopogolewa.