Rimu imechubuka: nini cha kununua, na kipi kianze

Kabla hujatoa hata shilingi, osha rimu kwa maji na sabuni mpaka vumbi jeusi la breki liishe, kisha pitisha ukucha juu ya mchubuko. Ukucha ukiteleza, kilichokwaruzika ni rangi tu. Ukikwama, aluminiamu yenyewe imechimbika. Ukiona ufa, au ukingo wa rimu umepinda, achana kabisa na habari ya rangi. Rimu yenye ufa inaweza kupoteza upepo au kukatika ukiwa kwenye mwendo, na puti, ile ya kujazia mashimo, haitibu ufa. Hapo tafuta rimu nyingine.

Mwongozo huu ni kwa mwenye IST, Premio au gari lolote lenye spoti rimu za silva zilizosugua ukingo wa zege wakati wa kuegesha, na ambaye hajawahi kushika kopo la spreyi. Nimepanga njia tano kuanzia ninayoiamini zaidi. Kigezo changu ni kimoja: kazi ikae, isianze kubanduka mvua za masika zikija. Kama uso wa rimu zako unang'aa na una mistari myembamba ya duara, huo umechongwa kwa mashine na mkono hauwezi kuurudisha ulivyokuwa. Rimu za kromu nazo usiziguse. Zote hizo zipeleke kwa fundi.

Ya kwanza: nunua vitu kimoja kimoja

Kwa wengi wetu hii ndiyo njia sahihi. Vitu vyote vinapatikana kwenye maduka ya rangi za magari na hadiwea; kwa Dar es Salaam, anzia Kariakoo na Gerezani. Ukibakiwa na nusu kopo, utalitumia kwenye rimu nyingine.

Hela ya kwanza iende kwenye msasa. Watu hukimbilia kuchagua rangi, lakini kinachoonekana mwishoni ni uso uliopo chini ya rangi. Chukua msasa wa maji namba 240, 400 na 800, karatasi mbili mbili. Wa 240 unakata kingo kali za mchubuko, wa 400 unafuta mikwaruzo ya 240, na wa 800 unaandaa uso upokee rangi. Usiruke hatua. Mkwaruzo wa 240 ukiachwa chini ya silva utaonekana tu, hata ukipuliza kopo zima.

Kwa mashimo, puti ya kawaida ya bodi inatosha kama shimo ni la juujuu. Kama ukingo umeng'oka kipande, nunua gundi ya epoksi yenye unga wa chuma, ile ya mirija miwili. Inachelewa kukauka, mara nyingi inataka kulala usiku mzima, lakini inashika vizuri zaidi na inavumilia joto. Puti changanya kidogo kidogo, maana kwa joto la Dar inaganda mkononi ndani ya dakika chache.

Praima, rangi ya kwanza inayoishikisha silva, ndiyo sehemu ya kutobana matumizi. Muulize muuzaji praima ya aluminiamu. Ya mageti na madirisha ya chuma haishiki vizuri kwenye aluminiamu, na baada ya muda rangi huanza kuvimba pembeni. Ukishasugua mpaka aluminiamu ikaonekana, ifute kwa spiriti au tina, iache ikauke, kisha ipulizie praima siku hiyohiyo.

Halafu silva. Silva ya mageti inang'aa kupita kiasi, na kwenye rimu ya Kijapani kiraka kitaonekana toka mbali. Tafuta kopo lililoandikwa kuwa ni la rimu, uliweke karibu na rimu yako juani, siyo chini ya taa ya duka. Isipofanana, ni heri upake uso mzima wa rimu kuliko kulazimisha kiraka.

Mwisho ni klia, ile ya juu isiyo na rangi, inayozuia silva isichakae. Nunua praima, silva na klia za kampuni moja. Ukichanganya aina, klia inaweza kuikunja silva iliyo chini yake mpaka ikajikunyata, na dawa yake ni kusugua upya. Klia ya kopo yenye kigumishi ndani ni imara kuliko ya kawaida, lakini ina isosianati, kemikali inayoweza kusababisha pumu. Barakoa ya kitambaa haiizuii. Anayeanza achukue ya kawaida.

Tepu ya karatasi nunua, ila kwa kukinga tairi kuna kitu bora ambacho tayari unacho nyumbani: kadi za mchango wa harusi. Punguza upepo kidogo, chomeka kadi kati ya tairi na ukingo wa rimu, moja ipande juu ya mwenzake, mpaka uzungushe duara lote. Rangi inafika mpaka ukingoni na tairi haipati hata tone.

Puliza asubuhi umande ukishakauka, kivulini, pasipo na upepo wa vumbi. Shika kopo sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye rimu na upige mikono (yaani matabaka) myembamba, ukisubiri kama dakika 10 kati ya mkono na mkono. Siku yenye unyevu mwingi klia hugeuka nyeupe kama maziwa, kwa hiyo mvua ikinyemelea, ahirisha.

Ya pili: boksi lenye kila kitu

Haya huagizwa mtandaoni. Yanafaa kwa mchubuko mmoja mdogo, na maelekezo yake humsaidia anayeanza. Tatizo ni ujazo: msasa vipande viwili, puti kidogo, rangi ya kutosha kiraka tu. Kwa rimu nne utajikuta umenunua mara mbili.

Ya tatu: kalamu ya kupaka

Nunua kama ukucha uliteleza. Haijazi shimo, lakini inafunika rangi iliyotoka na ni kazi ya dakika chache. Kwa gari linalouzwa wiki ijayo siipendekezi. Mnunuzi makini ataiona.

Ya nne: rangi ya mpira inayobanduka

Inabadilisha sura, haitengenezi. Mashimo yote yatabaki yakionekana chini yake, na ukipuliza nyembamba itakusumbua kuibandua. Ina faida kwa anayetaka kujaribu rangi nyeusi bila kuharibu ya asili.

Ya tano: mkanda wa kubandika ukingoni

Sinunui. Unaficha mchubuko, na gundi yake inategemea uso safi na laini, kitu ambacho rimu iliyochubuka haina.

Kwa njia yoyote yenye kupuliza, vua rimu kwenye gari na uliegemeze gari kwenye stendi, siyo jeki peke yake. Ziba kwa tepu matundu ya nati na sehemu ya nyuma inayokaa kwenye habu, pale rimu inapofungwa kwenye gari. Rangi ikikaa pale, hubanwa na kusagika, halafu nati zinalegea. Acha rimu saa 24 kabla ya kuirudisha, jaza upepo uliopunguza, na funga nati kwa mtindo wa msalaba. Toyota ndogo nyingi hutaka kukazwa nyutoni-mita 103 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Kama huna spana ya kupimia, pita gereji wakukazie. Kagua nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100, na usipeleke gari kwenye pampu ya kuoshea ya presha kwa wiki ya kwanza.